Gumba la Mchunu

Ninayoyasimulia ni kweli tupu. Nikiongeza hata punje moja ya chumvi, gumba langu la kushoto na likauke.

Siku hiyo tulikuwa tunairudisha nyumbani roho ya kaka yangu Bhekokwakhe, mwaka mmoja tangu tumzike. Gitaa lake lilikuwa ukutani kwangu mwaka wote huo, na binti yake, Hlengekile, alikuwa analitaka. Nilikataa. Nilikuwa nachemka kila nikimwona akipiga: gumba la kushoto amelificha nyuma ya shingo ya gitaa, kama walivyomfundisha chuoni Durban. Sisi akina Mchunu wa Msinga gumba tunalipitisha juu ya shingo, linabana uzi mnene, vidole vinne vinaimba kwa chini. Gumba langu enzi za ujana lilikuwa linafungua kopo la maharage.

Vibuyu vya pombe vikizunguka, Hlengekile akasimama mbele ya ukoo mzima. "Baba mdogo, naomba gitaa la baba."

"Ulipapase kwa nyuma kama unakanda mgongo wa mgonjwa?" nikafoka. "Thubutu!"

"Mkono wangu mdogo. Gumba halifiki. Sauti inafika."

"Sauti ya wapi! Kaka aliniambia akikata roho: 'Mzikayifani, gitaa hili mpe mtu wa gumba juu. Mwingine asiliguse.'"

Neno la marehemu kwetu halina mjadala. Hlengekile akalinyooshea kidole gitaa ukutani.

"Sawa. Tuonyeshe hilo gumba."

Nikalishusha gitaa, nikapiga. Katikati ya wimbo nikaacha kuimba nikajisifu haraka haraka, kama mpigaji yeyote wa kwetu anavyotakiwa: mimi Mzikayifani, gumba la chuma, fahali asiyefungwa nira! Wanaume wakapiga miluzi. Hlengekile hakupiga hata kofi. Macho yake yalikuwa mkononi mwangu.

"Inua gumba, baba mdogo."

"Nini?"

"Inua, uendelee kupiga."

Akalishika gumba langu akalibandua juu ya shingo kama mtu anayemng'oa kupe. Vidole vyangu, kwa upumbavu wao, viliendelea. Na uzi mnene ukalia vilevile.

"Amekaza uzi!" akapiga kelele. "Unatoa sauti ya kubanwa bila kubanwa! Gumba limekaa tu pale kama kuku anayeatamia mawe!" Akaulegeza, ukarudi kwenye sauti yake ya kawaida. "Haya. Piga sasa."

Nikasingizia baridi. Nikasingizia pombe. Ukweli ni kwamba gumba hilo lilisagwa na mashine ya kiwanda cha nguo miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu hapo halijakunjika. Uzi niliukaza mwenyewe alfajiri.

Hapo ndipo dada yetu mkubwa, Ntombizini, aliponyanyuka kutoka mkekani.

"Mzikayifani, unamlisha kaka yako maneno?"

"Dada, aliniambia..."

"Funga mdomo! Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu mimi. Aliomba maji. Maji tu! Wewe ulikuwa nje unabishana na jirani habari za uzio."

Nimepigwa na polisi, nimepigwa na mke. Sijawahi kupigwa kama siku ile, na hakuna aliyeniinulia mkono.

Wazee hawakukawia. Aliyemsemea marehemu uongo huosha kinywa kwa kumchinjia mbuzi, tena siku hiyohiyo. Nikaenda zizini kumtoa beberu wangu mweupe, niliyekuwa nimemnyima hata mkwe wangu. Nikamvuta kwa mkono wa kulia. Wa kushoto, mnajua.

Nyuma yangu gitaa lilikuwa limeshaanza. Gumba nyuma ya shingo, mtoto mjeuri! Uzi mnene ukanguruma kama kaka yangu mwenyewe yupo. Kisha akaacha kuimba, akajisifu:

"Mimi Hlengekile wa Bhekokwakhe, niliyelitoa gitaa kinywani mwa mwongo!"

Ukoo mzima ukapiga miluzi. Nikamkabidhi dada kamba ya mbuzi.