Kigari cha Marehemu Waldo

Mtaani kwetu, hapa Florida, mtu anayetembea kwa miguu huhesabiwa ama mkata nyasi ama mzee aliyepotea. Mume wangu Delbert alisharudishwa nyumbani na walinzi mara mbili, ameshikwa mkono kama mtoto wa chekechea, kumbe alikuwa anakwenda zake kununua gazeti. Sisi wastaafu tunaendesha vigari vya gofu: kanisani, bwawani, kwa daktari, na wachache wetu hata kucheza gofu. Kumjua mtu kwa sura ni kazi. Macho yenyewe yako wapi? Tunajuana kwa vigari.

Delbert alisambaza barua kule Ohio miaka thelathini na minane, na kila mlango ulimwita kwa jina. Huku tumemaliza miaka mitatu bila kigari, na hakuna aliyemuuliza anaitwa nani. Alikuwa ananyauka, nami nilikuwa namwona.

"Nahitaji kigari," akasema siku moja.

"Subiri afe mtu," nikamjibu.

Msinishangae. Vigari vizuri vilivyotumika hupatikana hivyo, na ukurasa wa tanzia ndio tunaoanza kuusoma.

Akafa Waldo Pruitt, mcheza karata na kipenzi cha wajane. Baada ya maziko tulikaribishwa kwake, na kigari chake chekundu kilikuwa uani, kimepigwa nta, karibu na meza ya saladi ya viazi. Wanaume sita wenye suti nyeusi walikuwa wakikizunguka, sahani mkononi, wakipiga matairi mateke kwa heshima zote za msiba.

"Betri hizi za lini?" mmoja akamuuliza mjane, Glenda.

"Za mwaka juzi. Alikuwa akizitilia maji kila mwezi. Hata mimi hakunitunza hivyo."

"Na chaji?"

"Imejaa. Alikichomeka kwenye umeme Jumatatu, akaingia ndani, akafa."

"Basi haijatumika kabisa!"

Delbert peke yake ndiye aliyesema, "Pole sana, mama. Alikuwa mtu wa namna gani?" Glenda akaangua kilio. Alipomaliza kulia akampa yeye ufunguo, kwa dola elfu tatu, na wale sita wakabaki na saladi zao.

Kesho yake mtaa mzima ulimsalimia. "Waldo! Mambo, Waldo!" Mkono huku, mkono kule, na wajane wawili wakampigia busu. Alirudi mashavu yamemwiva, akala mayai manne.

Mimi nilikutana na jirani yetu Marvella bwawani. "Shoga, kigari cha Waldo kimeshinda kwako tangu jana. Mumeo kasafiri?"

"Waldo amekufa, Marvella."

"Ndiyo maana watu wanashangaa!"

Nilirudi nyumbani nimechemka. "We mzee, Jumatatu kinapakwa rangi ya kijani. Sitaki kuitwa hawara wa maiti."

"Lakini wananisalimia, Verna."

"Wanamsalimia marehemu!"

Nilijua nimemuumiza, lakini ulimi wangu hauna breki.

Jumapili tukatoka wote wawili. Karibu na bwawa alikuwepo Orville, mzee ambaye macho yake yamebakiwa na ukungu tu. Alipoona wekundu unapita akainua fimbo.

"Waldo! Leo si siku ya kunipeleka kwa mke wangu?"

Mkewe yuko kwenye nyumba ya wagonjwa, upande wa pili wa mtaa.

"Panda, mzee mwenzangu," akasema Delbert.

"Sauti yako imekuwaje?"

"Mafua."

Njia nzima akamuuliza habari za mkewe: anakula? Anapenda nini? Bado anakutambua? Alikuwa akiwauliza hivyo hivyo watu wa Ohio mlangoni kwao. Tukamsubiri saa nzima, tukamrudisha, nami nikaona aibu.

"Basi kiache chekundu," nikamwambia Delbert tulipobaki wawili.

"La, kipakwe. Nataka nijue nani atanisalimia mimi."

Kikapakwa. Jumatano tukapita mtaa mzima, Delbert akimpungia mkono kila mtu, na kila mtu akitutazama kama linavyotazamwa gari la taka. Wale wajane wa busu waligeukia maua yao. Hakuacha kupunga. Nilitamani kumshusha ule mkono, jinsi moyo ulivyoniuma, na nikamwomba Mungu anipe japo mtu mmoja.

Tulipofika bwawani Orville hakuinua fimbo. Delbert akasimamisha kigari.

"Habari za mama? Leo amekula?"

Orville akatega sikio. "Wewe ndiye uliyenipeleka Jumapili. Waldo hakuwahi kuuliza kama amekula." Akaja akipapasa mpaka akakishika kigari. "Wameniambia Waldo amekufa. Sasa wewe unaitwa nani?"

Mume wangu akafungua mdomo, jina likakawia kutoka.

"Delbert."

"Haya, Delbert," akasema Orville, akapanda mbele.

Mimi nikahamia kiti cha nyuma, kimya, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilikuwa najaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimwita hivyo, badala ya "we mzee", na sikukumbuka.