Bei ya Bastola ya Baba

Kazi yangu ni kuwavunja watu mioyo. Nimeajiriwa kwenye duka la silaha, nakadiria bei za bastola na bunduki zilizotumika, na kila anayeingia huja na bei yake kichwani, imenona kuliko silaha yenyewe. Nimewazoea. Ila siku hiyo aliingia baba yangu mzazi, na nyuma yake Fundi, yule mama mshona nguo aliyekubali kuolewa naye kwa sharti moja.

Sharti lenyewe lilikuwa wazi: haingii nyumba yenye bastola. Baba akaahidi kuiuza, ila anasubiri soko lipande. Tukalisubiri hilo soko mpaka nikachoka mimi. Tangu mama afariki, baba alikuwa akila kwangu kila jioni huku akisifu mapishi ya Fundi, na niliitaka ndoa ile kuliko hata wenyewe.

"Mkadirie, mwanangu," Fundi alisema, akiketi na mkoba wake mapajani. "Akisikia bei ya haki na bado akakataa kuuza, basi. Mimi sitasubiri tena."

Hakuwa akitania. Baba akafungua kitambaa juu ya kaunta.

Bastola iling'aa mpaka nikajiona usoni.

"Unaiona hiyo?" akasema. "Nimeisugua kila wiki kwa mikono yangu. Jivu laini, halafu mafuta."

"Mafuta gani, baba?"

"Ya kupikia. Yale ya bei!"

Nikafumba macho kwanza. Kisha nikavaa miwani, nikaelekeza mtutu ukutani na kumulika tochi ubavuni. Risasi hazikuwemo. Nikajaribu kufungua silinda, lile gurudumu la matundu ya risasi. Wapi! Nikaminya, nikagonga kwa nyundo ya mbao. Mafuta yalikuwa yameganda humo ndani kama gundi.

"Baba, hii haijazunguka miaka mingi. Haiwezi kufyatua chochote."

"Acha masihara. Na wale wezi je?"

Hadithi ya wezi tunaijua sote, maana kila akiisimulia huongeza chumvi. Alisikia mlango ukitikiswa, akashika bastola, akapaza sauti kwamba anafyatua, na wezi wakatimua mbio. Mara ya kwanza walikuwa wawili. Siku hizi wamefika saba.

"Wezi walikimbia sauti yako," nikamwambia. "Mkononi ulikuwa na chuma tu."

"Hata mwiko ungetosha," Fundi akasema, akaziba mdomo kwa kanga yake.

Baba alinuna. "Sema bei."

Nikamweleza kama ninavyomweleza mteja yeyote. Wanaopenda bastola za zamani hulipia rangi ya kiwandani, na yake ilikwisha kwa jivu. Hulipia nembo ya kiwanda, na yake ameisugua mpaka imefutika. Bahati nzuri namba ya usajili, iliyojificha chini ya mpini, bado ilisomeka. Duka lingeichukua kama ilivyo, kwa ajili ya vipuri.

"Kiasi gani?"

"Bei ya mkasi mzuri."

Fundi akatoa mkasi wake mkobani. "Kama huu?"

"Huo una bei zaidi."

Nilidhani baba atafura. Aliipitishia kidole bastola yake, na niliposikia sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama yako alipoondoka, nyumba ilikuwa kubwa mno. Nilikuwa siwezi kulala bila hii chini ya mto."

Nilijikaza nisilie nyuma ya kaunta. Fundi hakujikaza, alilia waziwazi, akamshika mkono.

"Bwana we, umelala miaka yote hiyo na bastola mbovu na hukudhurika. Hebu jaribu kulala na mimi ndani, nina mdomo mkali kuliko hao wezi saba."

"Walikuwa wawili," baba akakiri, na kicheko kikamponyoka. Tukacheka sote mpaka bosi akachungulia kutoka ofisini.

Kisha baba akaisukuma bastola upande wangu, kitambaa na vyote. "Ichukue."

Nikaleta karatasi, akatia sahihi bila kubishania hata senti moja. Tulipofika mlangoni akasimama, akavuta shati lake vizuri.

"Fundi, na mimi nimetumika. Hujaniuliza bei."

Fundi akamzunguka polepole, kama ninavyoizunguka bidhaa mimi. Akagusa mvi zake, akasikiliza goti lake lilivyolia alipojitutumua.

"Rangi imekwisha," akasema. "Viungo vinataka mafuta, na si ya kupikia. Nakuchukua kama ulivyo."

Jioni ile baba hakuja kula kwangu. Nilipakua sahani yake kwa mazoea, nikaitazama, nikacheka peke yangu jikoni.