Nati Iliyobaki Mfukoni

Yote haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata ya ncha ya kidole, nirudishwe chini ya lile gari nikae huko.

Kaka yangu, ambaye hata mkewe alimwita Fundi, alirudishwa nyumbani na madaktari kwa sababu hawakuwa na la kumfanyia tena. Alikuwa na ombi moja: apelekwe ndani ya gari lake mwenyewe, mara moja tu, mpaka darajani na kurudi. Gari lenyewe, la samawati, limewazidi umri watoto wetu wote, na paipu ya breki ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu ikabaki jina. Mikono yake haikuweza tena kushika spana. Nikasema nitaibadilisha mimi. Mimi ni karani mstaafu wa ghala. Ufundi niliusoma kwenye kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwisho.

Paipu ile ilipita juu ya tangi la mafuta, mahali ambapo mkono ukiingia jicho halioni, na jicho likiona mkono hauingii. Nililala chini siku nne. Buibui alitanda utando kutoka sikioni mwangu hadi kwenye jeki, akazaa, na wanawe wakahamia kwao kabla sijalegeza nati ya kwanza. Shemeji alinisukumia chakula kwa ufagio. Fundi aliketi uani, blanketi magotini, akisikiliza; kazi aliijua kwa sauti zake. Kila siku blanketi lile lilionekana pana zaidi.

Siku ya tano nilikata paipu mpya, nikaikunja kwa goti, nikautanua mdomo wake, nikaipenyeza taratibu juu ya tangi mpaka ikafika. Nikapeleka mkono niifunge. Nati haikuwepo. Ilikuwa mezani, imetulia kama mgeni asiye na haraka. Nati huvishwa kwanza, ndipo mdomo ukatanuliwa; ukishatanuka, nati haipiti tena. Naamini hilo liliandikwa kwenye zile kurasa za mwisho.

Nililia kule chini, kimyakimya, vumbi likinigandia usoni. Kuanza upya ni siku nyingi, na siku hizo kaka hakuwa nazo. Akauliza mbona kimya. Nikajibu nimemaliza. Nikaifungia paipu kwa waya, nati nikaitia mfukoni, nikajiambia tutakwenda polepole kwa breki ya mkono.

Lakini karakana yake ilikuwa na sheria moja: aliyetengeneza breki husimama ukutani, na mwenzake huliendesha gari kumwelekea. Nilikuwa nimejisahaulisha. Fundi akaomba tumbebe mpaka kwenye usukani. Alikuwa mwepesi kama koti.

"Kasimame, mdogo wangu."

Nikasimama, mgongo ukutani. Injini ikawaka mara ya kwanza, maana gari lilimjua. Niliwaza kwamba likinigonga, angalau sitamwona akiambiwa haendi.

Hakutia gia. Alikanyaga pedali ya breki, nikaona goti lake likishuka mpaka mwisho bila kizuizi. Nyuma, mafuta ya breki yakaanza kudondoka. Akazima.

"Nati iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni, imelowa jasho langu. Akauliza kama kweli ningekaa pale anigonge. Nikasema ndiyo.

"Na huo nao ni uongo. Ungeruka kama panzi." Akafumba macho. "Rudi chini."

Nikarudi. Safari hii hakuna buibui. Siku ya kwanza niliitoa ile paipu. Ya pili kiti cha uani kilikuwa kitupu. Shemeji alisema Fundi hawezi kuketi tena. Ya tatu, mkono wangu ukiwa juu ya tangi, nati ikishika uzi wake sawasawa, nilisikia kilio kutoka ndani ya nyumba. Niliendelea kukaza. Sikujua jambo lingine la kufanya.

Baada ya mazishi nilimwomba shemeji, asiyejua kuendesha, akae tu kwenye usukani. Nami nikaenda ukutani. Akakanyaga pedali kwa mguu mmoja, kisha kwa yote miwili.

"Imegoma kushuka, shemeji," akasema.

Akatelemka, akaingia ndani. Mimi nikabaki pale ukutani, nikilisubiri gari.