Mbuzi Waliopanda Ndege

Kutoka Kasese hadi Bwera ni safari ya saa moja kwa gari, lami tupu. Hata kuku wa sokoni hufika salama. Lakini Nobert, ebo, Nobert hakuwa mtu wa kwenda kuposa kwa barabara kama binadamu wengine. Alikodi ndege.

Ronah, binti mwenyewe aliyekuwa anaposwa, alipata habari asubuhi kwa simu, akiwa anasukwa nywele. Nobert alikuwa kwenye uwanja wa ndege wa Kasese, anapiga kelele kushinda injini.

"Rubani anasema muzigo imezidi. Ati nichague, mbuzi ama mafuta. Nimemwambia atoe mafuta! Mafuta mingi ya nini? Bwera iko hapo tu."

"Si uwaweke mbuzi kwenye gari?"

"Mbuzi ya maskini ndiyo inakuja na gari," akasema, akakata simu.

Kwa Wakonzo mahari ni mbuzi, na nyumbani kwa mzee Tsongo, baba yake Ronah, desturi haikuwa na maneno mengi. Baba akishika kamba za mbuzi, binti ameolewa, basi, hakuna kurudi nyuma. Ronah alikuwa ameukubali uchumba huo nusu nusu. Baba yake aling'ang'ania, na Nobert, ukiacha majivuno, hakuwa amemkosea mtu. Hivyo ndivyo alivyojidanganya. Akasema moyoni, ngoja leo nimtazame vizuri.

Akamtazama, naam, na Bwera nzima ikamtazama. Ndege ilikuja chini chini juu ya mabati, ikaupita uwanja wa shule ilikotakiwa kutua, ikazunguka. Nobert anapunga mkono dirishani, bwana mkubwa wa nini, sijui. Ikazunguka tena juu ya soko, ikaenda mpaka mpakani ili Wakongo nao wasikose, ikarudi juu ya nyumba ya mwanamke aliyewahi kumkataa. Debe tupu haliachi kuvuma! Wageni walipiga makofi, na mzee Tsongo akawa anawaambia majirani, "Mukwe wangu huyo!" kana kwamba walidhani ni malaika. Ikazunguka tena.

Halafu injini ikakohoa, ikazima. Makofi nayo yakazima. Ndege ikateleza juu ya migomba bila sauti, ikaangukia shamba la pamba la jirani yao Blasio, ikavunja bawa na kusimama imechimba pua ardhini.

Ronah alikuwa mkunga kazini kwake. Alilikunja gomesi, gauni lake refu la sherehe, magotini akakimbia. Alipofika, Nobert alikuwa anatoka mlangoni, na alitoka kwa kumkanyaga rubani. Ndiyo, alimkanyaga, kiatu begani, maana rubani Ssali alikuwa amebanwa mguu na vyuma, na kumruka kungemchelewesha mheshimiwa. Nobert hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Yeye aliuliza, "Nani amechukua video?"

Ronah na Blasio walimtoa Ssali polepole, mguu umevunjika chini ya goti. Ronah akavunja vijiti vya pamba, akaufunga mguu kwa mshipi wa gomesi. Nyuma yake Nobert alikuwa anawakimbiza mbuzi waliotoka ndegeni, awakamate.

"Mwache huyo, Ronah. Wageni wanangoja."

Afande Omara wa polisi akafika anahema. "Wewe! Ndege imefanya nini?"

"Mafuta iliisha, afande. Dereva huyu hakujaza. Uzembe tu."

Dereva! Ssali alijaribu kusema, maumivu yakamnyima sauti.

"Mwongo," Ronah akasema. "Afande, mafuta ni yeye aliyeyatoa, apate kubeba mbuzi. Ameniambia asubuhi kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa furaha."

Nobert akacheka. "Afande, haya ni mambo ya bibi na bwana." Hapo Ronah akamdharau kabisa.

Mzee Tsongo naye akawasili, fimbo mkononi. Ungedhani angemtazama mtu aliyelala chini anauma meno. Lo! Alitazama mbuzi.

"Iko mizima?"

"Mizima, baba mukwe," Nobert akasema, akazikusanya kamba haraka, akapiga magoti katikati ya pamba ya watu. "Tumalizie hapa hapa. Mambo isiwe mingi."

Ronah alikuwa ameushikilia mguu wa Ssali kwa mikono miwili, hawezi kuinuka.

"Baba, usizishike," akasema.

"Mwanangu, chakula kimeiva, wageni wamekaa. Nitawaambia nini mimi?" Mzee akahamisha fimbo mkono wa kushoto, akaunyoosha wa kulia.

"Haya, shika," Ronah akasema. "Lakini ukizishika kamba hizo, baba, atakayeolewa ni wewe."

Mkono wa mzee ukasimama hewani, kisha ukaingia mfukoni mwa koti.