Kebo Isiyo na Tundu

Kompyuta ya mama mkwe wangu tuliiita Bikizee, maana kila asubuhi ilikohoa kwanza, ikanguruma, ikatafakari, ndipo ikawaka. Mwenyewe hakuona tabu. Aliiwasha, akaenda kufagia uani, akarudi akaikuta tayari. Aliyeona tabu ni mimi, fundi wa kompyuta, niliyetaka ajue kuwa binti yake ameolewa na mtu wa maana.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikamwendea na bodi kuu mpya, ule ubao ambao kila kiungo cha kompyuta huchomekwa juu yake, pamoja na prosesa na memori zake. Zawadi. Kichwa kilikuwa kimenivimba hivi kwamba nashangaa nilivyopita mlangoni.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza mbili tu. Moja ya Bikizee, nyingine ya cherehani ya kutarizi, chuma kizito cha zamani kilichomlisha tangu alipofiwa na mumewe. Alichapa jina kwenye kompyuta, cherehani ikaliandika kwa uzi kwenye nguo. Wiki ile alikuwa na kazi ya makoti arobaini ya wauguzi waliokuwa wanahitimu chuo, kila koti na jina la mwenyewe kifuani, na yote yalitakiwa Ijumaa iliyofuata. Kile chuo hakikuwa na mshonaji mwingine, naye hakuwa na mteja mwingine mkubwa kama kile chuo.

Nikafungua kasha la Bikizee, nikapuliza vumbi, nikapiga chafya mara sita. Nikachomoa kebo moja baada ya nyingine bila kuzitia alama, kwa sababu kutia alama ni kazi ya wanafunzi. Mojawapo ilikuwa ya kijivu, nene, yenye kichwa kipana.

"Mwanangu," aliniita kutoka mlangoni. Alikuwa hajawahi kuniita fundi hata siku moja. Fundi, alisema, ni mtu wa kuitwa na kuondoka. "Na huo waya mnene?"

"Huo wa printa za zamani, mama. Siku hizi hauna kazi."

Akaitupia jicho cherehani, akarudi uani. Yeye habishani na mkwe, nami simhoji mama mkwe. Ndivyo tulivyoishi miaka tisa, tukiheshimiana mpaka ikawa hatuambiani kitu. Angekuwa mteja wa dukani ningemuuliza kebo ile inakwenda wapi. Wala haikuhitaji kuuliza. Ningeifuata kwa macho hatua mbili tu, ningeona imeingia kwenye cherehani.

Bodi ya zamani ikagoma kutoka. Kulikuwa na skrubu moja imejificha chini ya vumbi, nami sikuitafuta, nikavuta kwa nguvu. Ikalia kra! Ikapasuka katikati. Nikaitupa kwenye pipa nikipiga mluzi. Mpya ilipoingia, kompyuta iliwaka kabla mama hajakaa vizuri kitini. Alinipigia makofi, akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina kwa sauti.

Jumatatu mke wangu akanipigia simu: cherehani ya mama haipokei majina. Nikaenda saa ya mapumziko. Kebo nene ililala mezani, na nyuma ya kompyuta hapakuwa na tundu pana la kuichomeka. Bodi za siku hizi hazina tundu hilo. Nikajaribu vigeuzi viwili vya kuiunganisha kebo na matundu mapya, nilivyotoka navyo dukani, cherehani haikutikisika. Jasho likanitoka. Mama alisimama nyuma yangu, mikono kifuani, macho kwenye cherehani, si kwenye kompyuta.

"Imekufa, mwanangu?"

Maneno yalikuwa matatu tu: ni kosa langu. Nikachagua mengine.

"Imechoka, mama. Umri."

Akaigusa cherehani taratibu kama mtu anayempima mgonjwa homa, akaitikia kwa kichwa. Kisha akatafuta sindano.

Jumanne na Jumatano nilizunguka kila duka la vitu vikuukuu nikitafuta bodi yenye tundu lile. Mama alikuwa akitarizi kwa mkono. Mke wangu alipotoka kazini alikwenda kumsaidia, akarudi na habari za plasta kwenye vidole viwili vya mama na macho yaliyovimba.

"Lakini anakusifu kweli," akaniambia tukiwa mezani. "Anasema mtu mwingine angempotezea muda, angejifanya anatengeneza. Wewe ulimwambia ukweli."

Chakula kilinishinda. Nafsi ilinisuta mpaka nikasingizia tumbo, uongo mwingine huo.

Alhamisi nikaipata, chini ya rundo la kibodi zilizovunjika. Nikaijaribu, inafanya kazi. Nikaenda mbio, na aibu kubwa kuliko zote ni hii: njiani nilikuwa nimeshapanga kusema kwamba nimeifufua cherehani.

Nikaingia. Meza ya pili ilikuwa tupu.

"Iko wapi, mama?"

"Wale wa vyuma chakavu walipita leo asubuhi, nikawapa." Hakuacha kushona. "Ulisema imechoka. Ya nini kukaa inanitazama? Waliivunja hapo nje kwa nyundo ndipo ikaenea kwenye mkokoteni."

Nikakaa. Nikamwambia yote: kebo, tundu, skrubu, na kwamba cherehani yake ilikuwa nzima. Nikamwambia hata uongo niliokuja nao. Alishona mpaka akamaliza herufi, akakata uzi kwa meno. Yalibaki makoti kumi na moja.

"Nipe sindano, mama, nikusaidie."

Akalivuta rundo la makoti upande wake.

"Nimekusikia," akasema bila kuinua macho. "Ukitoka funga mlango, fundi."