Mwisho Aliotusomea Baba

Asubuhi nzima nilimburuta baba yangu, kinyozi mstaafu, kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine kwenye tamasha la waandishi. Tulimsikiliza mshairi aliyeghani kwa kichwa, bila karatasi, mpaka baba akasahau kulalamikia viti. Mwenye wazimu wa vitabu ni mimi. Yeye alikuja kwa kuwa nilimng'ang'ania. Nilitaka awepo mchana, Bibi Mwandishi atakapozungumza. Nimempenda mwanamke huyo tangu utotoni kwa sababu ya kitabu kimoja tu.

Baba alikuwa akitusomea kitabu hicho jioni, mimi na kaka yangu, mama alipolazwa hospitali. Ni habari ya mama mwoka mikate anayewaacha wanawe kwa jirani na kwenda mbali kutafuta kazi. Mwishoni anarudi alfajiri, anawakuta wamelala, anawafunika shuka, kisha anawasha tanuri. Sijawahi kukisoma mwenyewe. Baba alisema chetu kililiwa na mchwa, na madukani kilikuwa adimu kama maziwa ya kuku.

Ulipofika wakati wa maswali, nikawa wa kwanza kusimama. Nilimshukuru Bibi kwa alfajiri ile niliyosomewa utotoni, kwa shuka na kwa tanuri. Nikasema hakuna mwandishi aliyewahi kunitendea wema kama huo.

Bibi akavua miwani. "Asante, mwanangu. Lakini kwenye kitabu changu yule mama harudi."

Watu wakacheka kidogo. Nikageuka. Baba alikuwa ameinama, anakunjakunja kofia yake. Hasira zikanipanda: miaka yote hiyo, mzee huyu amenichezea.

"Nani alikusomea?" Bibi akauliza.

Ningeweza kumsitiri. Mdomo wangu hauna breki. "Baba yangu. Huyu hapa."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Hapo nikaona nimemvua nguo baba yangu mbele za watu, na hasira zote zikaniishia. Mtu akampelekea kipaza sauti, naye akasimama polepole.

"Unisamehe, bibi," alisema. "Mwisho wako niliusoma kwanza peke yangu, saluni. Ni mzuri, nililia. Lakini siku ya kuwasomea watoto mwisho huo, mama yao alikuwa amefariki mchana, na sikujua nianzie wapi kuwaambia. Nikasema, leo wacha walale kwanza."

Jioni ile naikumbuka. Tulilala tukicheka, na habari tukapewa kesho yake, baada ya chai. Sikuwahi kujua kwamba alipokuwa akitusomea vile, tayari alikuwa amefiwa na mkewe. Nilimtazama mzee wangu na kofia yake iliyokunjamana, na sijawahi kumstahi mtu kama nilivyomstahi yeye wakati ule.

Hakuna aliyecheka tena. Bibi Mwandishi akasogeza kiti chake hadi ukingoni mwa jukwaa.

"Hebu nisimulie na mimi mwisho wako," akasema.

Baba akanishika mkono, akaanzia pale mama anapofungua mlango alfajiri.