Kahawa ya Ta Clavery

Mushumbusi alimvunja Kokuberwa mkono wa kushoto siku ya Jumanne, kwa mpini wa jembe, mlangoni pake kule Ijumbi. Kokuberwa, afisa ustawi wa jamii, alikuwa amekwenda kuuliza kwa nini Yuster, binti wa yule bwana, mwenye miaka tisa, ana makovu ya moto mgongoni. Alikwenda peke yake. Alikuwa ameomba mtu wa kufuatana naye, ofisi ikasema watu hawatoshi.

Ijumaa aliitwa ofisini, Bukoba. Alidhani anakwenda kuchukua barua ya mwajiri ya kupeleka polisi, ya kuthibitisha kwamba alipigwa akiwa kazini. Bila barua hiyo kesi ingelala, na Yuster angebaki nyumba ile ile.

Akamkuta Selestine, mkuu wake, ameketi na mzee Clavery, baba mkubwa wa Mushumbusi. Mezani palikuwa na kikapu kidogo cha akamwani, buni za kutafuna, zile anazopewa mgeni, na zile zinazomaliza ugomvi. Ukishatafuna, huna tena la kudai.

"Pole waitu, mwanangu," alisema mzee. "Kijana wetu alikuwa amekunywa."

"Ilikuwa saa tatu asubuhi, Ta Clavery."

"Huyo huwahi kuanza."

Selestine akacheka. Kokuberwa alingoja hasira imjie. Haikuja. Aliuona tu mkono wake uliofungwa plasta umelala juu ya meza kama mzigo wa mtu mwingine.

"Ukienda mahakamani, vijiji vitatufungia milango," Selestine alisema. "Na tuseme ukweli, dada, labda uliingia kwa ukali."

"Niliuliza mtoto yuko wapi."

Selestine alichota buni mbili, akazitafuna kwa sauti kumwonyesha njia, kisha akamsogezea kikapu.

"Tumalize. Jumatatu uende tena ukamwone huyo mtoto."

"Na nani?"

"Peke yako. Si mmeshapatana?"

Ta Clavery akatazama sakafu.

"Aliyetafuna ni wewe, bosi," alisema Kokuberwa, taratibu, kama anayesoma tangazo ukutani. "Wewe na Mushumbusi hamna ugomvi. Jumatatu nenda wewe."

Mdomo wa Selestine ukasimama.

"Unakataa kahawa ya wazee?" Selestine aliuliza.

"Ta Clavery, unisamehe. Ungekuja na Yuster, ningetafuna zote."

"Huyo ni wa baba yake," alisema mzee. "Siwezi kumchukua."

"Basi na mimi siwezi."

Alitoka, akashuka kwa miguu hadi kituo cha polisi. Koplo wa zamu alipindua karatasi za hospitali alizompa, akazipindua tena.

"Barua ya mwajiri iko wapi, mama?"

"Hawakunipa."

"Sasa mimi niandike nini?"

"Andika hivyo hivyo. Kwamba hawakunipa." Akavuta benchi kwa mkono mzima, akaketi. "Kisha andika jina la mtoto. Nitakutajia."